Ishara safi kwenye kebo ndefu: I2C, SPI, RS-485 na CAN

#1 Saketi_Wazi (mwanzisha uzi)

Wakuu, yapo maswali mengi humu yenye sura moja: mradi unafanya kazi vizuri mezani ukiwa umeunganishwa kwa waya za sentimita 20, lakini ukifungwa mahali pake, sensa ikiwa mita 10 au 20 kutoka kwenye maikrokontrola, data inaanza kukatika, baiti zinafika zimeharibika, au basi zima la data (waya zinazoshirikiwa na chipu zote) linaganda hadi umeme uzimwe na kuwashwa upya. Jibu linalotolewa haraka ni "punguza kasi". Jibu hilo hutibu baadhi ya matatizo na mengine halitayagusa kabisa, na uzi huu nimeuanzisha ili tutenganishe makundi hayo mawili.

Kabla ya kuuliza biti ni ngapi kwa sekunde, uliza kingo za ishara ni kali kiasi gani, yaani voltiji inatumia muda gani kutoka chini hadi juu au kutoka juu hadi chini. Ndani ya kebo ya kawaida ishara husafiri kwa takriban nanosekunde 5 kwa kila mita. Ikiwa ukingo unapanda kwa nanosekunde 5, kama zinavyofanya chipu nyingi za kisasa, basi kebo inayozidi nusu mita tayari ni ndefu, kwa sababu ukingo unakuwa umemaliza kupanda kabla mwangwi wake haujarudi kutoka upande wa pili. Mwisho wa kebo usio na rezista inayofaa huirudisha ishara karibu yote, na kipokezi kilichopo hapo huona voltiji inayopanda kukaribia mara mbili ya iliyotumwa, ikashuka, ikapanda tena, mpaka mtetemo utulie. Mtetemo huo hutokea kila ukingo unapopita, iwe unatuma biti milioni moja kwa sekunde au biti mia moja.

Kwa UART, inayotuma biti moja baada ya nyingine bila waya wa saa, mtetemo huo mara nyingi si hoja, maana kipokezi hupima biti karibu na katikati yake. Kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde, biti moja hudumu mikrosekunde 104, wakati safari ya kwenda na kurudi kwenye kebo ya mita 20 ni nanosekunde 200 tu, kwa hiyo mwangwi hurudi mara kadhaa na kufifia muda mrefu kabla kipimo hakijachukuliwa. Kwenye SPI, ambayo biti zake hufuata mapigo ya waya wa saa, hali ni nyingine kabisa. Waya wa saa haupimwi katikati, kwani ukingo wenyewe ndio amri. Ukingo mmoja ukitetema na kuvuka kizingiti (voltiji inayotenganisha sifuri na moja) mara mbili, chipu huhesabu mapigo mawili, na kuanzia hapo biti zote husogea hatua moja. Ukipunguza saa kutoka megahezi 1 hadi kilohezi 1, ukingo unabaki na ukali uleule na kosa linabaki lilelile. Kinachosaidia ni kuweka rezista ya ohmu 33 hadi 100 mfululizo na waya wa saa, karibu kabisa na pini inayotuma, ili impidansi (ukinzani ambao ishara inayobadilika huukuta) ya pini pamoja na rezista hiyo ikaribiane na impidansi ya kebo na mwangwi unaorudi umezwe hapo hapo.

I2C, yenye laini mbili, SDA ya data na SCL ya saa, ina maradhi yake. Laini zake huvutwa chini na transista lakini hupandishwa na rezista peke yake, hivyo ukingo wa kushuka ni mkali na ukingo wa kupanda ni mvivu, na uvivu huo huongezeka kadiri kapasitansi ya kebo, yaani uwezo wake wa kuhifadhi chaji, inavyoongezeka. Viwango vyake vinaruhusu pikofaradi 400 kwa basi zima katika kasi ya kilohezi 100 na 400, na muda wa kupanda usiozidi nanosekunde 1000 kwa kasi ya kwanza na 300 kwa ya pili. Kebo ya mtandao ya jozi zilizosokotwa ina takriban pikofaradi 50 kwa kila mita, na hapo bado hujahesabu pini za chipu wala viunganishi. Tukumbuke kwamba Philips walipoitengeneza mwaka 1982 walikusudia iunganishe chipu zilizomo ndani ya kifaa kimoja, na kuipeleka upande wa pili wa jengo ni kuibebesha mzigo ambao haikuundiwa.

Jambo la tatu, ambalo kwa maoni yangu ndilo hupuuzwa kuliko yote, ni njia ya kurudia. Kila mkondo unaokwenda kwenye waya wa ishara lazima urudi, na kama waya wa graundi upo mbali na waya wa ishara, kitanzi kilichopo kati yao hunasa kelele kutoka kwenye mota, relei na vigeuzi vya umeme vilivyo jirani. Kwa hiyo kila waya wa ishara usokotwe pamoja na graundi yake. Kosa linaloonekana mara kwa mara ni kusokota SDA na SCL katika jozi moja kwa kudhani kwamba jozi ni jozi, na matokeo yake ukingo mkali wa laini moja huingia kwenye laini ya pili kupitia kapasitansi iliyopo kati yao. Ukiwa na waya bapa, mpangilio unaofaa ni SDA, umeme wa chipu, graundi, kisha SCL, ili laini mbili za ishara zisikae ubavu kwa ubavu.

Karibuni kwa maswali. Tafadhali anayeuliza ataje urefu wa kebo, aina yake, voltiji, thamani ya rezista za kuvuta juu, na vitu vingine vyote vinavyotumia kebo hiyohiyo.


#2 Mpima_Unyevu

Mkuu Saketi_Wazi, nashukuru kwa maelezo. Mimi nina sensa ya unyevu na joto inayotumia I2C, volti 3.3, rezista za kuvuta juu za kiloohmu 4.7, saa ya kilohezi 100, na kebo ya mtandao ya mita 20. Kwenye kebo hiyohiyo nimepitisha umeme wa feni ndogo inayotumia nusu ampea, na graundi ya feni na ya sensa ni waya mmoja. Feni ikiwa imezimwa, sensa hujibu mara nyingi ingawa si zote, lakini feni ikiwaka, sensa haijibu kabisa. Nimeshauriwa niweke rezista za kiloohmu 1 badala ya 4.7. Je, ushauri huo ni sahihi?


#3 Saketi_Wazi

Ndugu Mpima_Unyevu, umeleta matatizo mawili yaliyopanda gari moja, na ushauri uliopewa unatibu la kwanza huku ukilizidisha la pili.

La kwanza ni kapasitansi. Mita 20 kwa pikofaradi 50 ni pikofaradi 1000, mara mbili na nusu ya kinachoruhusiwa. Muda wa kupanda kutoka asilimia 30 hadi 70 ya voltiji hupatikana kwa kuzidisha 0.847 kwa ukinzani na kwa kapasitansi. Kwa kiloohmu 4.7 unapata karibu mikrosekunde 4, na kikomo ni 1. Katika nusu ya mzunguko wa saa, yaani mikrosekunde 5, laini yako inapanda hadi kama asilimia 65 tu, wakati kizingiti cha juu cha I2C ni asilimia 70. Huenda unashangaa kwa nini inafanya kazi hata hizo mara nyingi ulizotaja. Maikrokontrola nyingi zenye I2C ya ndani husubiri SCL ipande kweli ndipo zianze kuhesabu muda wa juu, hivyo saa yako inajipunguza yenyewe bila kukuambia. Ukiweka oskiloskopu utaona kilohezi 100 uliyoandika kwenye programu haifikiwi. Kwa kiloohmu 1, muda wa kupanda unakuwa mikrosekunde 0.85 na tatizo hili linaondoka.

La pili ni graundi. Waya mmoja wa kebo ya namna hiyo, wenye unene wa AWG 24, una ukinzani wa takriban ohmu 0.084 kwa mita. Mita 20 ni ohmu 1.68, na nusu ampea ya feni ikirudi humo inainua graundi ya upande wa sensa kwa volti 0.84 juu ya graundi ya maikrokontrola. Sensa inapovuta SDA chini ili kukiri kwamba imesikia, inaivuta hadi kwenye graundi yake, si yako. Kizingiti cha chini kwa volti 3.3 ni volti 0.99. Kwa rezista ya kiloohmu 4.7, mkondo ni mdogo na sensa huenda ikashusha laini hadi volti 0.1 au 0.2 juu ya graundi yake, hivyo maikrokontrola inaona karibu volti 1.0, na hapo kusomeka au kutosomeka ni suala la bahati. Feni inapoanza kuzunguka hunywa mkondo mkubwa zaidi na bahati hiyo inatoweka. Sasa weka kiloohmu 1: mkondo unafika miliampea 2.9, sensa inaruhusiwa na viwango kubaki hadi volti 0.4, na jumla yake na 0.84 ni volti 1.24. Kwa maneno mengine, umeunyoosha ukingo wa kupanda na kuipoteza sifuri.

Kuna la ziada: maikrokontrola inapovuta laini chini kabisa, sensa inaiona laini hiyo ikiwa karibu volti 0.8 chini ya graundi yake, na chipu nyingi haziruhusu pini kushuka zaidi ya volti 0.3 au 0.5 chini ya graundi. Mbali na data kupotea, sensa yenyewe iko hatarini.

Kwa hiyo anza na feni. Ipe jozi yake, au kebo yake, inayorudi moja kwa moja kwenye chanzo cha umeme bila kupita kwenye graundi ya sensa. Baada ya hapo weka kiloohmu 1 upande wa maikrokontrola, ondoa ya 4.7 iliyopo kwenye bodi ya sensa kama ipo kwa sababu zikiwa sambamba jumla inashuka chini ya kiwango cha chini cha ohmu 967 kwa volti 3.3, kisha pima tena.


#4 Fundi_Mzoefu

Naomba kutofautiana kidogo na mwanzisha uzi. Kwenye I2C nimeshusha saa hadi kilohezi 10 katika kazi nyingi, kwa kebo za mita 10 na zaidi, na zimekaa bila matatizo. Kusema kwamba kupunguza kasi ni ushauri wa haraka kunaweza kuwapoteza wanaoanza, ambao hawana oskiloskopu na wanahitaji tu kitu kifanye kazi.


#5 Saketi_Wazi

Mkuu Fundi_Mzoefu, sipingi hilo kwa I2C, na nilipaswa kulisema waziwazi zaidi. Ukipunguza saa hadi kilohezi 10, nusu ya mzunguko ni mikrosekunde 50, na hata ukingo wa kupanda wa mikrosekunde 4 una nafasi ya kutosha kufika juu. Tatizo la kapasitansi ni tatizo la muda, na ukiongeza muda unalitatua.

Ninachosisitiza ni kwamba ukingo mvivu una gharama yake. Unapokaa muda mrefu karibu na kizingiti, kelele ndogo inatosha kuivusha laini huku na huko. Viwango vinadai pengo kati ya kizingiti cha kupanda na cha kushuka la angalau asilimia 5 ya voltiji kwenye pini za kasi ya kilohezi 400, ambayo kwa volti 3.3 ni milivolti 165, na relei moja inayokatika jirani inaweza kuizidi. Pini hizo pia hupuuza miiba isiyozidi nanosekunde 50, lakini kelele ya mota hudumu zaidi ya hapo. Palipo tulivu, njia yako inatosha. Palipo na mota, ningeshusha saa na rezista vyote viwili.

Kwa SPI, hata hivyo, sibadili msimamo. Mtu mwenye rejista ya kusogeza ya 74HC595 (chipu inayopokea biti moja moja na kuziweka kwenye pini zake) mwisho wa mita 3 za waya, anayeona taa zimesogea nafasi moja, atashusha saa mpaka achoke, na taa zitaendelea kusogea.


#6 Jozi_Moja

Ndugu zangu, wenzetu wa viwandani walishamalizana na mambo haya kwa RS-485, viwango vilivyotolewa mwaka 1983. Kipokezi husoma tofauti kati ya waya mbili, na kelele inayoingia kwenye waya zote mbili kwa pamoja haina maana kwake. Kinahitaji tofauti ya milivolti 200 tu, ilhali kitumaji kinatoa angalau volti 1.5. Graundi za pande mbili zinaweza kutofautiana, mradi voltiji za laini zisitoke nje ya volti 7 chini ya graundi ya kipokezi na volti 12 juu yake. Urefu ni hadi mita 1200 kwa kasi ya takriban kilobiti 100 kwa sekunde. Kwa mafundi wengi kanuni ya mkononi ni kwamba kasi kwa biti ikizidishwa na urefu kwa mita isizidi milioni 100, kwa hiyo kwa mita 500 usivuke kilobiti 200.

Kwa sensa ya Mpima_Unyevu, mimi ningeweka maikrokontrola ndogo palepale penye sensa, iisome I2C kwa waya za sentimita chache, kisha itume matokeo kwa RS-485.


#7 Mwanafunzi_Umeme

Nina swali kwa Jozi_Moja. Nimeunganisha vifaa sita kwa RS-485, na kila bodi ilikuja na rezista ya ohmu 120. Mawasiliano ni ya kubahatisha, na nyakati ambazo hakuna kifaa kinachotuma, maikrokontrola inapokea baiti ambazo hakuna aliyezituma. Waya zangu zinatoka kwenye kisanduku kimoja cha katikati na kutawanyika kwenda kwa kila kifaa.


#8 Jozi_Moja

Mkuu, rezista sita za ohmu 120 zikiwa sambamba ni ohmu 20. Kitumaji kimehakikishiwa kutoa volti 1.5 kwenye mzigo wa ohmu 54, na hapo umekibebesha karibu mara tatu. Ziache mbili tu, moja kwenye kila mwisho wa kebo, na nyingine uzitoe au uzime kwa swichi ndogo iliyopo kwenye bodi. Ukizima umeme na kupima kwa multimita kati ya A na B, yaani waya mbili za basi, unapaswa kuona karibu ohmu 60. Kama kebo yako ni ya mtandao yenye impidansi ya ohmu 100, usihangaike kutafuta rezista ya 100, kwani kwa 120 kinachorudi nyuma ni kama asilimia 9 tu ya ishara.

Hiyo miunganisho ya kutawanyika ndiyo adui mkubwa. Kila tawi ni kebo yenye mwisho wake na mwangwi wake, na huwezi kuweka rezista kwenye miisho yote. Kebo iingie kwenye kifaa na kutoka kwenda kifaa kinachofuata, mmoja baada ya mwingine. Ikiwa kupitisha waya upya haiwezekani, tumia transiva (chipu za kutuma na kupokea) zenye kingo zilizopunguzwa ukali, kwa mfano MAX487 ambayo kikomo chake ni kilobiti 250 kwa sekunde, badala ya MAX485 ambayo kingo zake ni kali kwa ajili ya megabiti 2.5. Hapa naungana na mwanzisha uzi moja kwa moja: ukibaki na MAX485 na kutuma kwa 9600, kingo bado ni zile za megabiti 2.5.

Kuhusu baiti za kizuka, pale ambapo hakuna kitumaji kilicho hewani rezista za mwisho huzifanya A na B ziwe na voltiji ileile, na tofauti ya sifuri ipo katikati ya eneo ambalo kipokezi cha zamani hakijui kiseme nini. Weka rezista moja kutoka laini chanya kwenda volti 5 na nyingine kutoka laini hasi kwenda graundi, sehemu moja tu kwenye basi zima. Ili kupata milivolti 200 kwenye ohmu 60 unahitaji miliampea 3.3, na hesabu inakupa ohmu 720 kila upande bila kuhesabu mzigo wa vipokezi, ndiyo maana watu huchukua 680 au 560. Transiva mpya nyingi zimesogeza kizingiti chake chini ya sifuri, na hizo hazihitaji msaada huo.

Jambo dogo la kukuepusha na usiku wa kuhangaika: herufi A na B hazitumiwi kwa namna moja. Kwa mujibu wa viwango, A ndiyo huwa hasi basi likiwa limetulia, lakini watengenezaji wengi wa chipu wameandika kinyume. Vifaa viwili visiposikilizana kabisa, badilisha waya hizo mbili kabla ya kufungua programu. Na usisahau waya wa tatu wa graundi, hata kama mtu amekuambia RS-485 ni ya waya mbili.


#9 Basi_la_Gari

Niongeze kwa ufupi kuhusu CAN, basi la mawasiliano linalotumika kwenye magari. Rezista ni zilezile, 120 kila mwisho, lakini kikomo cha urefu kinatokana na sababu tofauti. Vifaa viwili vinaweza kuanza kutuma kwa wakati mmoja, na kila kimoja lazima kisikie biti ya mwenzake ndani ya muda wa biti hiyohiyo ili kijue nani anaendelea. Kwa hiyo ishara lazima iende hadi mwisho na kurudi kabla biti haijapimwa, na ndiyo maana megabiti 1 kwa sekunde huishia kama mita 40, wakati kilobiti 125 hufika mita 500. Hata kebo iwe bora namna gani, kikomo hicho hakisogei sana.


#10 Saketi_Wazi

Asante, mkuu. Kasoro ya muda wa kwenda na kurudi ipo pia kwenye SPI, na hapo ndipo kupunguza saa kunapofaa kweli. Saa inatoka kwa maikrokontrola, inasafiri, chipu ya mbali inaiona ndipo inatoa biti yake, nayo biti inasafiri kurudi. Kwa mita 10 hizo ni nanosekunde 100 kabla ya kuongeza uvivu wa chipu yenyewe, na kwa saa ya megahezi 10 maikrokontrola inapima baada ya nanosekunde 50. Itasoma biti iliyopita. Dalili yake ni kwamba kuandika kunafaulu na kusoma kunafeli, na ukiona hivyo hadi ukashusha saa na kusoma kukakaa sawa, umeshajua ugonjwa.


#11 Mpima_Unyevu

Wakuu, nimetenganisha umeme wa feni ukapata kebo yake, nikaweka kiloohmu 1 upande wa maikrokontrola na kuondoa rezista za bodi ya sensa. Kipimo cha voltiji kati ya graundi mbili feni ikiwa inazunguka kimeshuka hadi milivolti chache, na sensa inajibu. Limebaki tatizo moja: mara chache sana, hasa feni inapozimwa, SDA hubaki chini na hakuna kinachoendelea hadi nizime umeme.


#12 Saketi_Wazi

Hapo mwiba wa kelele umeongeza au umepoteza pigo la saa sensa ikiwa katikati ya kutuma baiti. Sensa imeshikilia sifuri ikisubiri pigo linalofuata, na maikrokontrola inasubiri SDA ipande ili ianze upya. Huhitaji kuzima umeme. Programu ikiona SDA iko chini kwa muda usio wa kawaida, igeuze pini ya SCL kuwa pini ya kawaida, itoe mapigo hadi 9 huku ikikagua SDA baada ya kila pigo, na ikipanda itoe alama ya kusimamisha kisha irudi kwenye I2C. Kama sensa yako inatuma CRC (namba ya kukagua makosa) pamoja na kipimo, ikague kila mara, kwa sababu pigo lililoongezeka huweza pia kukupa namba inayoonekana halali.

Kisha uzibe chanzo. Feni ikizimwa, koili yake hurusha voltiji kinyume, kwa hiyo weka daiodi sambamba na feni, karibu na feni yenyewe na si kwenye kisanduku cha swichi. Ikibaki bado, chipu ya PCA9615 kila upande itaigeuza I2C yako kuwa ya jozi tofautishi (inayosomwa kwa tofauti ya waya mbili, kama RS-485) bila kubadilisha programu, ingawa kwa mita 20 mimi ningefuata ushauri wa Jozi_Moja.